Sababu Namba Tano

Sajini Kefa Silwimba alikwenda dispensari ya misheni kuchukua sahihi tu, basi. Kesi yenyewe alikwisha kuimaliza, ama ndivyo alivyojidanganya. Mshitakiwa alikuwa mahabusu Tunduma, jalada limefungwa kwa kamba, na lori la kumpeleka Mbeya akashitakiwe kwa kumuua mkewe lingeondoka kesho yake, Ijumaa, saa sita mchana. Lililobaki lilikuwa nakala ya kitabu cha wagonjwa yenye sahihi ya dresa, maana Inspekta kule Mbeya hakuwa mtu wa kukubali neno bila karatasi.

Alifika asubuhi pamoja na Konstebo Danieli, kila mmoja juu ya baiskeli yake, pua zimewaganda kwa baridi ya Juni. Dresa Nathanaeli aliwapokea mlangoni. Huyu ndiye aliyekuwa akifunga vidonda na kunyoosha mifupa ya watu wa vijiji vya Ihanda na Ruanda tangu kabla ya vita, na kwa kujivuna hana mfano: koti lake jeupe lilipigwa wanga likasimama lenyewe, na miwani yake, ingawa mkono mmoja ulifungwa kwa uzi, aliivaa kama taji.

"Nimekuwekea tayari, Sajini," alisema, akakifungua kitabu kikubwa mezani. "Tabita, mke wa Jairo Nzowa wa Ihanda. Mara tatu. Ni kama nilivyokuandikia kwenye barua. Wewe nakili, mimi nitie sahihi, tunywe chai."

Kefa aliketi, akachovya kalamu. Kitabu kilipigwa mistari vizuri. Tarehe, jina, ugonjwa, upande, sababu. Lakini kwenye ugonjwa na kwenye sababu hapakuwa na maneno, palikuwa na namba tu.

"Namba hizi zasomwaje, baba?"

Dresa akatabasamu, maana hapo ndipo alipopenda kuulizwa. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi iliyochapwa, rangi imeshakuwa ya chai kwa moshi na miaka. "Ile imetoka serikalini. Kila mwezi napeleka taarifa: wangapi homa, wangapi kuhara, wangapi kuvunjika. Serikali haitaki hadithi, inataka namba. Thelathini na moja ni mfupa wa kigasha, hapa kati ya kiwiko na kifundo, ule wa upande wa kidole gumba. Thelathini na mbili ni mwenzake, wa upande wa kidole cha mwisho. Thelathini na tatu, yote miwili."

"Na sababu?"

"Moja, kuanguka. Mbili, gari au mashine. Tatu, mnyama. Nne, kupigwa na mtu wa nje. Tano," akashusha sauti kidogo, "kupigwa na mume."

Kefa akaitikia kwa kichwa. Hiyo tano ndiyo iliyomfunga Jairo. Jumamosi iliyopita Tabita aliokotwa kwenye mtaro wa kuoshea kahawa nyuma ya nyumba ya wakwe zake, kichwa kimepasuliwa, mkono wa kushoto umevunjika, na mume wake amempakata, amelowa damu mpaka magotini. Baba yake Jairo, Mzee Amoni, mzee wa kanisa anayeheshimiwa hadi mpakani, ndiye aliyekuja kituoni kwa miguu yake. Alilia mbele ya Kefa. "Mwanangu amemmaliza mkewe," alisema. "Mchukueni, Sajini. Sitaki kuficha dhambi ndani ya nyumba yangu." Ikaja barua ya dresa: mara tatu, sababu namba tano. Sasa ulitaka Kefa afikiri nini zaidi? Jairo alikana, akaapa, akalia, lakini wauaji wangapi hawaapi?

Akaanza kunakili. Mstari wa kwanza: Tabita, 32, kushoto, 5. Akarudi nyuma kuandika tarehe. Ishirini na mbili Agosti, 1953.

Kalamu ikasimama.

"Danieli," alisema polepole, "nipe ile bahasha yenye vitu vya mahabusu."

Danieli akaitoa mkobani. Ndani mlikuwa na kisu kidogo, leso, na kipande cha kazi cha Jairo, kikaratasi kigumu kilichokunjwa mpaka kikachoka. Kefa alikuwa amekiona siku ya kumkamata, akasoma jina, akakitupa bahashani. Jina lilimtosha. Leo alikifunua chote. Mhuri wa kutoka, Tunduma, tarehe tisa Februari 1953. Mhuri wa kurudi, Tunduma, tarehe kumi na saba Aprili 1954. Katikati yake, mwezi kwa mwezi, vialama vidogo vya karani wa machimbo ya shaba kule Rodeshia ya Kaskazini: kila siku Jairo aliyoshuka chini ya ardhi, alama moja. Agosti yote imejaa.

Kefa akarukia mstari wa pili kitabuni. Sita Januari, 1954. Thelathini na mbili, kushoto, tano. Januari kwenye kipande: imejaa.

Wa tatu ulikuwa wa ishirini na tisa Mei, mwezi uliopita tu. Huo peke yake ndio uliomkuta Jairo nyumbani.

"Mungu wangu," Kefa alisema, na hakuwa mtu wa kumtaja Mungu kazini.

"Vipi, Afande?" Danieli aliuliza.

"Mara mbili kati ya hizi tatu, Jairo alikuwa shimoni, huko mbali kabisa. Mkono wake ungefikaje Ihanda?"

Danieli akachungulia. Naye alikuwa kijana wa Tunduma, akaleta wazo la Tunduma. "Labda alivuka usiku, Afande. Watu wanavuka kwenda Nakonde kununua chumvi na kurudi, nani anagonga mhuri?"

"Nakonde unafika ukiwa unatafuna muwa. Machimboni ni siku nne kwenda na nne kurudi. Hesabu alama za Agosti. Wamwona akikosa siku nane?"

Danieli akahesabu kwa kidole, midomo ikimcheza. Hakukosa hata moja. Kijana akavua kofia.

Kefa akamgeukia dresa. Sauti yake ilikuwa ya upole, na wanaomfahamu wanajua hiyo ndiyo ya kuogopwa. "Baba Nathanaeli. Una hakika huyu mwanamke alipigwa? Haikuwa kuanguka kwenye utelezi wa mtaro?"

"Sajini!" Dresa alichukia kabisa. "Tazama hapa." Akajiangusha mbele, akajikinga kwa kiganja juu ya meza. "Mtu akianguka hushukia kiganja. Kinachovunjika ni mfupa wa upande wa gumba, tena karibu na kifundo. Hiyo ni thelathini na moja, naandika kila wiki, watoto wanaanguka mitini. Sasa wewe chukua rula hiyo, jifanye unanipiga kichwani."

Kefa akainua rula. Dresa, bila kufikiri, akainua mkono wa kushoto mbele ya uso, kidole cha mwisho kikimtazama mpigaji.

"Umeona? Gongo linatua hapa, katikati, upande wa kidole cha mwisho. Mwenzake unabaki mzima. Thelathini na mbili. Mwanamke yule alijikinga mara tatu, na mara tatu ulivunjika palepale. Mara ya mwisho mfupa ulikuwa haujakomaa vizuri, nilimfunga mabanzi ya mwanzi nikamwombea."

"Kwa hiyo alipigwa. Sasa niambie neno moja tu. Alikwambia kwa kinywa chake kwamba ni mumewe?"

Dresa akavua miwani, akaipangusa kwenye lile koti.

"Nilimwuliza kama ninavyowauliza wote. Nani amekupiga, binti yangu? Akanyamaza. Akajitanda khanga usoni, akageukia ukuta."

"Hakusema mume wangu? Hakusema Jairo?"

"Hakusema kitu. Mwanamke akinyamaza, Sajini, naandika tano. Miaka kumi na tisa naandika hivyo. Angepigwa na mtu wa nje angepiga mayowe, angemtaja yeye na ukoo wake. Anayenyamaza anamfichia mumewe."

"Na akipigwa na mtu wa ndani ambaye si mumewe, ni namba ngapi?"

Dresa akaigeukia karatasi ya serikali. Aliitazama kwa muda mrefu kwa mtu aliyeikariri. "Hakuna," alisema. "Namba hiyo hawakuiweka."

Nje mtoto alikuwa akilia kwa kudungwa sindano. Kefa alikumbuka jambo alilolisikia mahabusu, akaliona la kipuuzi, hata hakuliandika. Jairo alikuwa amelia akisema, "Tabita wangu alikuwa ananiita jina langu tangu mtoni mpaka nyumbani. Jairo! Jairo! Wanawake wenzake wanamcheka." Mke anayelipaza jina la mumewe mtoni, kwa nini alifiche dispensari?

"Baba Nathanaeli," alisema, "wewe Mnyiha, mimi Mnamwanga, lakini kwa hili tumelelewa sawa. Mkeo anakuita jina?"

"Akikasirika."

"Ndugu zako anawataja?"

"Wote."

"Ni nani pale kwenu ambaye mkeo hajamtaja jina tangu umwoe, hata akitumwa kumwita anasema yule wa pale, na akikutana naye njiani anaingia majanini na kujitanda nguo usoni?"

Dresa alifungua kinywa kujibu kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa kitu rahisi. Kisha jibu likamkwama. Aliketi, si kwenye kiti, kiti kilikuwa mbali. Aliketi sakafuni na koti lake la wanga.

"Baba mkwe," alinong'ona. "Yesu wangu! Baba mkwe."

Lo! Watu wawili wazima, mmoja wa dawa na mmoja wa upelelezi, wamenyonya desturi hiyo ya mkazamwana kutomtaja baba mkwe kwa mama zao, na wote wawili imewapita mbele ya pua. Wameizoea mno hata hawakuiona. Wangempata mgeni wa pwani akauliza maswali ya kijinga, pengine Jairo asingelala sakafuni Tunduma siku tano.

Kefa mwenyewe alikuwa amekula viazi kwa Mzee Amoni Jumapili. Aliombewa pale, akapigwa bega, akaambiwa "mwanangu." Hata ile fimbo nyeusi ya mpingo, yenye pete ya chuma kichwani, iliyoegemezwa kwenye kiti cha barazani, aliisogeza kwa mkono wake mwenyewe apate nafasi ya kukaa. Aliisogeza! Kwenye karatasi ya kwanza ya jalada, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika: Shahidi wa kwanza, Mzee Amoni Nzowa.

"Lakini Afande," Danieli alisema, akitafuta pa kushika, "baba mkwe hawezi hata kumpa mkazamwana wake kikombe mkononi. Ni mwiko. Atamgusaje?"

"Hakumgusa," Kefa alisema. "Alitumia fimbo."

Danieli akajaribu tena. "Na yule Boazi, mdogo wake Jairo? Naye anakaa nyumbani."

"Boazi ni shemeji. Shemeji anatajwa, anataniwa, anaitwa mume mdogo. Tabita angemtaja mara ya kwanza tu. Lakini ukimya si ushahidi. Nikienda Mbeya nikamwambia yule Inspekta Mzungu kwamba mwanamke alinyamaza, kwa hiyo mzee wa kanisa ameua, atanivua hizi alama begani. Na aliyenyamaza amekufa."

Hapo alisikia kalamu ikigonga chupa ya wino. Dresa alikuwa amenyanyuka, amekiinamia kitabu, ncha ya kalamu iko juu ya ile tano ya kwanza. Kefa alimdaka mkono.

"Usiguse!"

"Nisahihishe, Sajini. Nimemtia mtu kitanzi kwa wino wangu."

"Ukigusa namba moja tu, kitabu chote ni cha uongo, na Jairo atanyongwa nacho. Kiache kama kilivyo. Utaandika maelezo pembeni, kwenye karatasi yangu, jinsi ulivyofanya na kwa nini. Hata kama utaona aibu."

"Nimeshaiona," dresa alisema. Aliketi akaandika, na machozi hakuyafuta. Alipomaliza kutia sahihi akainua kichwa ghafla. "Yunisi," alisema.

"Nani huyo?"

"Mke wa Boazi. Mkazamwana wa pili wa nyumba ile. Ndiye aliyemleta Tabita mwezi wa tano. Naye alikuwa ameufunga mkono wake kwa kipande cha khanga. Nikamwambia kaa nikutazame, akakataa. Akasema amejikata na shoka. Sikumwandika, maana hakutibiwa."

Kefa alikwisha simama. "Chukua mkoba wako, baba. Na kitabu."

Walifika Ihanda jua limepita utosi. Mzee Amoni alikuwa barazani na Biblia yake, nywele nyeupe, koti jeusi, fimbo ubavuni. Kwenye vichanja kahawa ilikaushwa, imepangwa sawasawa, na mtaro ulikuwa umeoshwa. Alisimama kuwapokea wote watatu.

"Shikamoo, mzee," Kefa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Boazi hayupo, amekwenda Tunduma kumpelekea kaka yake chakula. Damu ni damu, nifanyeje?"

"Umefanya vizuri. Mzee, kesho lori linaondoka. Konstebo atakusomea maelezo yako polepole, neno kwa neno, tuone kama lipo la kuongeza. Dresa hapa anapita nyumba kwa nyumba kutazama wagonjwa. Nitamsindikiza huko nyuma."

Mzee akakubali bila kusita. Hofu hakuwa nayo hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha Kefa. Danieli akafungua jalada, akaanza kusoma kwa sauti ya kanisani.

Yunisi walimkuta nyuma ya jiko akichambua kahawa kwa mkono mmoja. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, macho yamevimba kwa kulia msiba. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya khanga, umelala mapajani. Dresa alipiga magoti mbele yake, akamwomba kwa upole, akafungua khanga, akapitisha vidole juu ya kigasha. Binti aliuma mdomo.

"Thelathini na mbili," dresa alisema bila kugeuka. "Kushoto, katikati. Umeunga vibaya. Miezi miwili, au kidogo zaidi."

"Shoka halivunji mfupa hivyo, dada yangu," Kefa alisema, naye akachuchumaa. "Nani amekupiga?"

Yunisi akajitanda khanga usoni, akageukia ukuta wa jiko.

Dresa alimtazama Kefa, na Kefa akamtazama dresa. Hapo ndipo lilipokuwa, jambo lilelile lililoingia dispensari mara tatu na kutoka limeitwa tano.

"Sikulazimishi kutaja," Kefa alisema. "Najua hutaji. Mama yangu alikufa bila kulitaja jina la babu yangu, mzaa baba. Lakini sikiliza. Jairo yuko ndani. Kesho saa sita anapelekwa Mbeya, na huko atanyongwa. Wewe unajua kama alimpiga Tabita au hakumpiga."

Sauti ilitoka ndani ya khanga, nyembamba. "Shemeji Jairo hajawahi kumpiga."

"Huyo umemtaja."

"Huyo natamka. Natamka na Boazi wangu. Nikilitamka jina lile jingine, nitakuwa nimevua nguo mbele ya watu. Na Tabita alitaka kulitamka." Akaanza kulia. "Alikuwa anataka kumfuata Jairo machimboni, akakatazwa, akapigwa; na Jairo aliporudi akapigwa tena asiseme, akamwambia mumewe ameanguka. Ijumaa usiku aliniambia: Jumapili nitasimama kanisani, nitalitaja jina lake mbele ya watu wote, hata nikifukuzwa. Tulikuwa tunapika. Mtu alikuwa amesimama nje ya dirisha hilo, tukasikia fimbo ikigonga mawe. Jumamosi asubuhi, Jairo amekwenda shamba, Tabita akaitwa mtaroni. Mimi nilikuwa hapa. Niliona. Nikajificha."

Kefa alikuwa ameshasikia mengi katika kazi yake, maiti za mtoni, nyumba zilizochomwa na watu ndani. Hili lilimkata maini. Binti ameuawa kwa ajili ya jina alilokuwa hajalitamka bado. Akakaza macho kwenye daftari lake mpaka mistari ikatulia, ndipo wazo likamjia, na lilitoka kwenye kile kitabu cha wagonjwa.

"Yunisi, umesoma shule ya misheni?"

"Mpaka darasa la nne."

"Namba za nyimbo wazijua? Namba si jina. Mchungaji akisema wimbo wa tatu, hajaimba bado, si ndiyo?"

Akakubali kwa kichwa, hajaelewa.

"Basi tutaziita namba tu. Wanaume wa nyumba hii nawaandika hapa. Moja ni nani?" Akaandika moja, akaweka kidole.

"Jairo, shemeji yangu."

"Mbili?"

"Boazi, mume wangu."

Kefa akaandika tatu. Mbele yake hakuandika kitu. "Tatu ni yule mwenye nyumba. Huyu hatumtaji, wala sikuulizi jina lake. Nakuuliza namba tu, dresa akiwa shahidi. Nani alikuvunja mkono?"

Khanga ikashuka polepole. Macho yalikuwa mekundu lakini yalimtazama Sajini moja kwa moja.

"Tatu," Yunisi alisema.

"Nani alimvunja Tabita mkono, Agosti, na Januari, na Mei?"

"Tatu."

"Jumamosi, mtaroni. Uliona nani akimpiga kichwani?"

"Tatu," alisema, na safari hii alipaza sauti. "Tatu! Tatu! Tatu!" Hakuweza kuacha. Miezi yote ile imemjaa kifuani na sasa imepata mlango. Dresa alimshika bega.

Fimbo iligonga mawe. Mzee Amoni alijitokeza pembeni ya jiko, Danieli nyuma yake na jalada wazi mkononi, uso wa Danieli umesema samahani. Yunisi akajitanda, akageukia ukuta kama mkazamwana mwema.

"Sajini, mwanangu, chai inapoa," mzee alisema. "Mbona kelele? Mnahesabu nini huku nyuma?"

Kefa alisimama, daftari mkononi. "Wanaume wa nyumba hii, mzee. Nisije nikakosea mbele ya Mzungu."

"Ah, hilo tu?" Mzee akacheka kidogo. "Ungeniuliza mimi. Tuko watatu, hatujawahi kuzidi. Wa kwanza Jairo, ndiye huyo aliyetuaibisha. Wa pili Boazi."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu si mimi? Amoni."

Kefa akaandika jina hilo mbele ya tatu. Aliliandika polepole, herufi kwa herufi, kisha akanyoosha mkono.

"Naomba hiyo fimbo, mzee."

Cheko lilibaki usoni kwa muda, halina mwenyewe. Mzee akamtazama Kefa, akatazama daftari, akamtazama dresa aliyepiga magoti, mwisho akautazama mgongo wa mkazamwana wake, na hapo ndipo alipoelewa kilichohesabiwa. Vidole vyake vikalegea. Danieli aliidaka fimbo kabla haijaanguka, na alipoigeuza, chini ya ile pete ya chuma, mahali maji hayafiki ukiosha, palikuwa na unywele mrefu mmoja.

Kefa alimfunga pingu mzee aliyemwombea Jumapili. "Danieli, panda baiskeli," alisema hatimaye. "Ufike Tunduma leo, hata ikikupasua mapafu. Mwambie Koplo wa zamu lori lisubiri. Abiria wamebadilika."

Dresa Nathanaeli alikuwa bado kwenye vumbi, amekifungua kitabu chake juu ya goti. Alimwandika mgonjwa aliyekataa kutibiwa mwezi wa tano. Yunisi, mke wa Boazi. Thelathini na mbili. Kushoto. Alipofika kwenye sababu alisimamisha kalamu, akafikiri, kisha akaipita namba na kuandika jina zima la yule mzee, jina na ukoo, mpaka likavuka mstari.